Msiba wa Watu Kumi na Wawili

Kwa karibu miezi miwili nililala vibaya kwa sababu ya majibu matatu mafupi. Niliyatoa makaburini, katika mji wa Ulaya ambao hakuna mtu wangu hata mmoja aliyezikwa humo, na yote matatu hayakuwa ya kweli. Swali lililokuwa linanigeuza kitandani hapa Singida ni hili: yule niliyemjibu nilimpa kitu, au nilimnyang'anya? Nikilala upande wa kulia naona nilimpa. Nikigeukia ukutani naona nilimnyang'anya.

Nieleze ilivyokuwa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya historia, na nimekaa nyumbani kwa mama hapa Singida Mjini miezi minane nikituma maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa. Kisha chuo kikatuita wahitimu wanane kwenda Ulaya kwa wiki tatu, kujifunza jinsi wenzetu wanavyotunza majengo ya zamani. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliitangaza safari ile ofisini kwa walimu hata kabla sijapata viza, na mimi nikaanza kuwaza: nikinyimwa, mama ataingiaje ofisini? Viza ikatoka. Nikaanza kuwaza mengine.

Mji tuliofikia ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiria Ulaya ilivyo. Katikati yake kulikuwa na mji wa kale uliozungushiwa ukuta, na ndani ya ukuta ule sikuona nyumba iliyo changa kuliko bibi wa bibi yangu. Jumamosi ya kwanza mwalimu wetu, mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya kupandia milima hata darasani, alitupa kazi. Kila mtu aingie mji wa kale peke yake, kwa miguu, simu aiache bwenini. Tembeeni mpaka mpotee, alisema, kisha mwandike ukurasa mmoja wa mlichokiona.

Niliuliza kama ni lazima kupotea. Wenzangu walicheka, ingawa sikuwa natania. Nimekulia mahali ambapo mtu akikuona umesimama njia panda anakuuliza unakwenda kwa nani. Kwetu kupotea ni tatizo, watu wanaitana kukutafuta. Pale lilikuwa zoezi, tena lenye alama. Nilikaa kitandani nusu saa nikijiuliza mtu anapoteaje kwa makusudi, na akishapotea atajuaje kwamba amepotea vya kutosha.

Sikuhitaji kuhangaika. Nilipita chini ya lango la ukuta saa tatu asubuhi, na saa tatu na nusu sikujua niko wapi.

Njia za mule zimetandikwa mawe yaliyochongwa kama mikate midogo, na yanateleza. Singida mawe tunayo, lakini ya kwetu ni makubwa kama nyumba na yamekaa palepale siku zote, kwa hiyo mtu anayatumia kuelekeza: pita kushoto kwa lile lenye ufa, utaona mlango wa bluu. Kule yote yalikuwa yamekatwa yakalazwa chini, yanafanana. Vichochoro vilijipinda bila sababu niliyoweza kuiona. Ghorofa za juu zilikuwa zimechomoza mbele kuliko za chini, za upande huu zikielekea za upande ule, mpaka anga likabaki ukanda mwembamba juu ya kichwa changu. Nikatafuta kivuli changu ili nijue mashariki ni wapi. Hakikuwepo, mawingu yalikuwa mazito. Nikatafuta upepo. Kwetu upepo unavuma kutoka upande mmoja sehemu kubwa ya mwaka, unaweza kufumba macho na bado ukajua umeelekea wapi. Kule ulitoka kila kona, na kila kona ulikuwa mwingine.

Nikatokea kwenye uwanja mdogo wenye birika la mawe na samaki wa shaba anayetema maji. Nikashika njia ya kulia. Baada ya dakika kumi nikatokea kwenye uwanja mdogo wenye samaki wa shaba. Nikadhani wanao wawili. Nikashika ya kushoto. Mara ya tatu nilimchunguza, nikaona jicho lake moja limekwanguka, na mara ya nne nikalikuta jicho lilelile. Basi ni mmoja. Nilifarijika kidogo, halafu nikawaza kwamba kama samaki ni mmoja, mwenye tatizo ni mimi.

Na watu pia sikujua niwafanye nini. Kila mzee aliyenikaribia, shingo yangu iliinama yenyewe na mdomo ukaanza "shi", halafu nakumbuka niko wapi. Nikaanza kuwasalimu kwa Kiingereza. Babu mmoja aliitikia kwa furaha, akasimama kama anayetaka kuendelea, na mimi nikaogopa nikapita. Mama mmoja aliuhamisha mkoba wake kwenda bega la pili. Nilitembea kichochoro kizima nikijiuliza kama aliuhamisha kwa sababu yangu au bega lilikuwa limechoka tu.

Kwenye nyumba moja walikuwa wamekiacha wazi kipande cha ukuta wa ndani, wakakiwekea kioo, ili wapita njia waone zamani walijengaje. Ulikuwa ukuta wa fito na udongo. Tembe la bibi yangu mzaa baba lilijengwa hivyohivyo, na lilipobomolewa tuliuchota udongo wake tukazibia mashimo ya njia. Mimi mwenyewe nilibeba ndoo. Nilisimama mbele ya kile kioo muda mrefu nikishindwa kuamua nijisikie vipi: nione aibu kwa ajili yetu, au nione wao wamezidisha.

Ndipo kengele ikaanza kulia. Ilikuwa kengele moja, taratibu, inagonga inanyamaza, inagonga inanyamaza. Niliifuata kwa sababu kwa asubuhi ile yote ilikuwa kitu cha kwanza kilichojua kinatoka wapi. Nikafika ubavuni mwa kanisa, mlango mdogo ukafunguliwa, na wanaume wanne waliovaa nguo nyeusi wakatoka wakisukuma kigari cha magurudumu chenye jeneza.

Kwetu msiba ukipita unasimama. Bodaboda anazima pikipiki, mwenye kofia anavua, mwenye mzigo anautua kama anaweza. Nilisimama, nikavuta mtandio nikajifunika kichwa, nikaweka mkoba chini. Nikawahesabu waombolezaji bila kukusudia. Walikuwa kumi na wawili, pamoja na mchungaji.

Nikangoja wengine watoke. Mlango ukafungwa.

Sijui nieleze vipi jambo lile lilivyonishtua. Kwetu hata mtu aliyegombana na kijiji kizima anazikwa na umati, kwa sababu kuzika hakuhusiani na kama mlielewana. Wanaoishi jirani wanakuja, wa mtaa wa pili wanakuja, aliyekuwa anapita njiani kwenda sokoni anaingia, anakaa kidogo, anatoa pole, anaendelea na safari yake. Msiba wa watu kumi na wawili ningeuona Singida ningejua kuna jambo baya limetokea. Magurudumu ya kile kigari yalikuwa yanagonga mawe kwa kelele, na sauti hiyo ndiyo pekee iliyosikika, hakuna aliyeimba. Mbele kabisa, nyuma tu ya jeneza, alitembea bibi mmoja mwenye mkongojo, peke yake, hakuna hata mtu wa kumshika mkono.

Nikawaza, niwaongezee hata mtu mmoja. Ndivyo nilivyowaza, sikuwaza zaidi ya hapo, na mimi ni mtu ninayewaza zaidi ya hapo hata ninapochagua nyanya. Nikaokota mkoba nikafuata nyuma.

Tulipita vichochoro ambavyo nilikuwa nimeshavipita asubuhi ile bila kuvitambua. Muuza maua aliingiza ndoo zake ndani kutupisha. Watalii wawili wakashusha kamera. Tukatoka kwenye kilango cha ukuta nilichokuwa sijakiona, na makaburi yalikuwa palepale nje, chini ya ukuta. Nilikusudia kuishia getini. Lakini mwanamume aliyekuwa mbele yangu alilishikilia geti ili nipite, na nikaona kumkatalia mtu aliyenishikia geti la makaburini itakuwa ajabu kuliko kuingia. Nikaingia.

Mchungaji alisoma kwa lugha yao. Jeneza likashushwa kwa kamba. Pembeni kulikuwa na sanduku dogo la udongo uliochekechwa, laini kama unga, na ndani yake kijiko kikubwa cha chuma. Mmoja mmoja walichota nusu kijiko wakamwaga, wakarudi nyuma. Zamu yangu ilipofika sikukigusa kijiko. Niliinama nikashika udongo wa kweli, ule uliotoka shimoni, kwa mkono, nikautupa. Uligonga jeneza kwa sauti kubwa, na wote wakanitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekosea, ila sikujua kosa ni lipi: udongo, mkono, au mimi kuwa pale.

Yule bibi mwenye mkongojo akanijia. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mfupi, macho makavu. Alinisemesha kwa lugha yao, alipoona sielewi akahamia Kiingereza cha polepole, na nilimsikia vizuri. Sina pa kujifichia hapo, nilimsikia vizuri kabisa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamtunza kaka yangu?"

Mtu akiwa kwenye msiba wake, kwetu, hatumpingi. Akisema marehemu alikuwa mlokole, wakati sote tunajua alikuwa anakunywa, tunaitikia. Akisema mvua hii ni yeye anatuaga, tunaitikia. Tangu utotoni nimekaa kwenye mikeka ya wafiwa nikiwasikia watu wazima wakiitikia, ndiyo mama, ni kweli mama, na mdomo wangu ulishazoea kabla akili yangu haijafika.

"Ndiyo, mama," nilisema.

Akanishika mkono, ule uliokuwa na udongo. "Alinitaja?"

"Ndiyo."

"Kwa ubaya?"

"Hapana," nikasema. "Kwa wema."

Macho yale makavu yakajaa. Akaegemea bega langu, na mkongojo wake ukaanguka, na yule mwanamume wa getini akauokota akakaa nao kwa sababu bibi hakuwa tayari kuupokea. Alinuka dawa ya kikohozi na sabuni. Halafu akatoa karatasi ya ibada, akaigeuza nyuma, akanipa kalamu niandike anwani yangu. Ningeweza kuandika uongo pale, na ungekuwa uongo wenye nafuu. Lakini nikaandika jina langu na sanduku la posta la shule ya mama, Singida, Tanzania, kwa mwandiko mzuri. Walinikaribisha chai. Nikasema mwalimu ananisubiri, nikaondoka haraka, na nikapotea tena kwa saa nzima. Ukurasa wangu wa zoezi niliandika kuhusu vigae vya mapaa. Mwalimu aliupenda, akauliza kama sikuona kitu kingine chochote. Nikasema sikuona.

Barua ilifika nikiwa nimesharudi nyumbani wiki ya tano.

Mama aliingia nayo mchana akiwa bado na vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Aliiweka mezani, akaisogeza katikati, akaketi. Ilikuwa imepita mikononi mwa walimu wote, hilo nililijua kabla hajasema, kwa sababu bahasha ilikuwa na alama ya vidole vya mafuta ya maandazi. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyeitoa posta. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshasema kwamba mama aanze kujifunza kula kwa uma, mkwe anakuja, na mwingine akasema si mkwe, ni kazi, barua za wakwe hazina stempu nyingi hivyo.

"Fungua basi," mama alisema.

Niliifungua nikaisoma kimya. Alipouliza wanasemaje, nikasema ni mwenyeji wetu mmoja anasalimia. Akanitazama muda, akaenda jikoni. Kwa siku kadhaa baada ya hapo alikuwa akinitolea chai yenye maziwa mengi kuliko kawaida, na nilijua anadhani nimekosa kazi na ninaona aibu kumwambia.

Barua ilikuwa ndefu, kwa mwandiko unaolala upande. Bibi yule alieleza kwamba yeye na kaka yake hawakuongea kwa miaka kumi na moja, kwa sababu ya nyumba ya wazazi wao. Wote wawili waliendelea kuishi katika mji ule wa kale, umbali wa vichochoro vinne. Ili wasikutane, waligawana mji bila kuambiana. Kaka alitembea upande wa soko, yeye upande wa mto. Kanisani kaka alikwenda ibada ya kwanza, yeye ya pili. Uwanja wenye samaki wa shaba haukuwa wa yeyote, kwa hiyo wote waliuzunguka kwa nyuma. Kwa miaka kumi na moja hakuwa amenunua mkate kwenye duka alilolipenda kwa sababu duka lilikuwa upande wa kaka. Sasa, aliandika, tangu siku uliponiambia alinitaja kwa wema, nimeanza kupita mitaa yake. Kila asubuhi napita mtaa mmoja. Watu wa kule wananishangaa.

Kisha akaomba. Nimwandikie kaka alisema nini hasa, kwa maneno gani, akiwa amekaa au amelala. Kama kadi aliyomtumia Krismasi ya mwisho aliipata. Kama aliifungua. Kila kitu, hata kidogo. Na mwishoni akasema amenitengea saa ya ukutani ya kaka yake, iliyokuwa ya baba yao, nimwambie namna ya kunitumia, kwa kuwa aliyekaa na mtu siku zake za mwisho ndiye anayestahili kitu cha nyumbani kwake.

Ile saa ndiyo iliyoninyima amani kabisa. Kabla ya hapo nilikuwa na uongo wangu peke yangu na yule bibi, nikiuzungusha kichwani. Sasa akatokea mtu wa tatu. Mahali fulani katika mji ule kulikuwa na mtu aliyemwogesha yule mzee kweli, aliyemlisha, aliyemgeuza kitandani. Huenda siku ile alikuwa zamu kwa mgonjwa mwingine. Mimi nilisimama mahali pake nikaitikia kwa jina lake.

Hata hivyo nilijaribu kuandika maneno ya faraja. Nilimlaza yule mzee karibu na dirisha. Nikampa blanketi la kijivu. Nikaandika kwamba kadi aliiweka kifuani, kwamba alisema dada yangu ana kichwa kigumu kama mimi. Niliposoma nikaona ni nzuri, nikaogopa. Sikujua kama ninao uwezo huo. Nikaichana. Nikaandika ya kweli, nikaisoma, nikamwona bibi akigeuka katikati ya mtaa wa soko na kurudi upande wake wa mto, nikaichana na hiyo. Nikaandika ya tatu ambayo haikusema ndiyo wala hapana, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Jumapili moja alasiri tulikuwa uani mimi na mama tunachambua maharage kwenye ungo. Mama kwao ni Shelui, huko barabarani kuelekea Nzega. Nilikumbuka kwamba kaka yake mkubwa alifariki wakiwa wamekosana kwa ajili ya shamba, mimi nikiwa kidato cha pili, na nilikumbuka kusikia watu wakimfariji mama kwamba mjomba alimtaja. Nikauliza, kana kwamba nauliza jambo la hivihivi, nani alisikia mjomba akimtaja.

Mama hakuinua uso. Alisema ni jirani, mzee mmoja wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimkalisha mjomba nje asubuhi apate jua. Alimwambia palepale msibani.

"Ukamwamini?"

"Nilimwamini. Nikarudi Shelui baada ya mwezi nimuulize tena, maana siku ya msiba sikusikia vizuri. Akaniambia, na akaongeza kidogo. Nikaenda tena Pasaka. Akaongeza sana. Kaka ananiombea, kaka anataja jina langu la utotoni, kaka analia." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Mjomba wako hakuwa mtu wa maneno. Pale alipolia ndipo nilipojua kwamba hata la kwanza halikuwepo."

Nikauliza kama alimkasirikia yule jirani. Akasema hapana, alikuwa mtu mwema. Kisha akasema kwamba kilichomuuma ni kwamba kulikuwa na wifi yake ndani ya nyumba ileile, mke wa marehemu, na hakuwahi kumuuliza hata siku moja, kwa sababu alishapata jibu kwa jirani. Na wifi naye sasa ameshafariki.

Mkono wangu ukasimama ndani ya maharage. Nikamwambia yote, kuanzia kengele.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ile barua si kazi?"

"Si kazi, mama."

"Na nilivyowajibu wale ofisini." Akatikisa kichwa. Akasema kitu kirefu kwa Kinyiramba, ambacho nusu yake sikukielewa na nusu nyingine kilinihusu. Kisha kwa Kiswahili: "Mwandikie. Huyo ameshauliza mara ya pili. Ya tatu utampa nini?"

Nilidhani yameisha. Nililala usiku ule kama mtu aliyeponeshwa. Lakini asubuhi mama, ameshavaa viatu vya kazini, alisimama mlangoni akaniambia nisiandike. Amefikiri tena. Yeye alipojua ukweli kuhusu mjomba alikuwa na watu, ana mimi, ana kanisa, ana walimu wenzake wenye midomo yao. Yule bibi ana nani? Umesema walikuwa kumi na wawili, na mmoja ni wewe? Nikasema kumi na wawili bila mimi. Akasema haidhuru, utamuua mtu mzima kwa karatasi, mwache atembee mitaa yake. Akaenda shuleni akaniacha na maneno yake mawili yanayopingana, yote yakiwa yametoka kwa mtu aliyelipitia jambo lenyewe.

Nikashinda ndani. Nilifagia uani mara mbili. Nilijaribu kuuliza ningetaka nini kama ningekuwa yeye, lakini mimi si yeye, mimi ningetaka kujua hata kipimo cha jeneza. Nikajaribu kuuliza marehemu angetaka nini, na hapo nikagundua kitu ambacho kwa wiki zote hizo sikuwa nimekigusa: sijui. Mimi sijui kama alimtaja. Nilikuwa nimekaa na ule uongo kana kwamba ukweli wake ni kwamba hakumtaja. Lakini huenda alimtaja. Huenda kadi aliifungua. Yupo mtu anayejua, aliyekuwa na beseni na taulo chumbani mle, na yule bibi hatamtafuta kamwe maadamu anaamini ameshampata. Kama mama na wifi yake.

Niliketi mezani nikaandika kwa Kiingereza chepesi, bila kuchana. Niliandika hivi:

"Sikumjua kaka yako. Mimi ni mgeni niliyekuwa nimepotea, nikaona mnazika na mko wachache, na kwetu watu hawapiti msiba wakauacha. Uliponiuliza, nilikujibu kama tunavyowajibu wafiwa nyumbani, ili wasiumie. Haikuwa kweli kwa sababu sikuwepo. Sijui alisema nini. Lakini yupo aliyemtunza, na huyo anajua. Uliza ofisi iliyokuwa inampelekea watunzaji, mtafute, muulize mapema. Saa ni yake. Nisamehe. Udongo niliomtupia kaka yako niliutupa kwa heshima, na hilo ni kweli."

Nikaisoma mara moja tu. Nilijua nikiisoma mara ya pili nitaanza kurekebisha, na nikirekebisha nitamlaza yule mzee karibu na dirisha tena.

Sikumngoja mama. Nilifunga mlango nikaenda posta kwa miguu. Njiani nilijiuliza kama herufi za jina la mtaa wake nimezinakili sawa, nikasimama kwenye kivuli cha duka la vitambaa nikalinganisha na bahasha yake, herufi kwa herufi. Zilikuwa sawa. Mwenye duka, mama wa Kihindi ambaye mama yangu hununua kwake vitambaa vya sare, aliniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikasema hapana, shikamoo, akasema marahaba, nikaendelea.

Karani wa posta alikuwa dada wa rika langu. Aliiweka bahasha kwenye mzani, akasoma nchi, akaniangalia.

"Ulaya kote huko, siku hizi bado mnaandikiana? Si umpigie tu?"

Nilisema hii haipigiki. Akacheka, akanipa stempu, nikazibandika. Akanyoosha mkono. Nilibaki nimeishikilia bahasha, naye ameishika upande wa pili, mpaka mtu aliyekuwa nyuma yangu akaanza kukohoa.

"Dada, unatuma au hutumi?" karani akauliza.

"Natuma," nikasema, nikaachia.

Akaigonga muhuri mara mbili, akaitupa kwenye mfuko wa turubai ulioning'inia nyuma yake, akamwita anayefuata.